Kuchanganya Udongo wa Kujengea kwa Mashine: Unyevu Ndio Unaochagua Mashine

Mtu aliyezoea kazi ya zege huamini kwamba mashine iliyomudu kokoto na mchanga haiwezi kushindwa na udongo. Mimi pia niliamini hivyo. Mara ya kwanza nilipofyatua matofali ya kufungamana kwa ajili ya chumba cha stoo, nilikodi mikisa ya zege, ile yenye ngoma inayozunguka, nikaijaza udongo, saruji na maji, na nikafurahi kuona kazi iliyokuwa ikituchukua asubuhi nzima kwa beleshi inakwisha kwa dakika chache. Matofali yalitoka na umbo zuri, yakakauka, tukajenga. Masika ilipoingia, ukuta unaopigwa na mvua ulianza kumomonyoka kwa madoa madoa, hapa shimo la ukubwa wa goroli, pale la ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji. Nilipopasua tofali moja lililobaki nikakuta ndani yake madonge ya udongo mwekundu mtupu, kila donge limevikwa ganda jembamba la kijivu. Saruji ilikuwapo na ilikuwa ya kutosha, lakini haikufika ilipotakiwa.

Maelekezo haya yanahusu hasa matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umeyahimiza kwa miaka mingi nchini Tanzania, kwa sababu huko ndiko kosa la kuchanganya linakoumiza zaidi. Baadaye nitagusa pia udongo wa kukandika na wa plasta, ambao mashine yake ni nyingine.

Hali tatu za udongo

Udongo wa kujengea huchanganywa katika hali tatu, na kabla ya kukodi au kununua mashine yoyote inafaa ujue unataka hali ipi. Ya kwanza ni ya unyevu mdogo: udongo unaonekana kama wa shambani siku moja baada ya manyunyu, ukiuminya unashikana, lakini hautoi maji wala hauchafui kiganja. Hii ndiyo hali ya matofali yanayoshindiliwa kwa mashine, na pia ya kuta zinazoshindiliwa ndani ya fremu za mbao. Ya pili ni tope zito la kukandikia nyumba ya miti, la kufyatulia matofali mabichi kwa kibao, au la kupigia plasta. Ya tatu ni uji, unaomiminwa kwenye matundu ya matofali au kupakwa ukutani kwa brashi.

Uji hausumbui mashine yoyote. Tope zito huhitaji nguvu, lakini husamehe makosa, kwa kuwa maji yamejaa na mfinyanzi, yaani ile sehemu ya udongo inayonata, umelainika. Hali ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa kwa macho huonekana rahisi, maana maji ni machache na mfinyanzi huyapigania. Ngoma ya mikisa ya zege haikandi. Kazi yake ni kunyanyua na kudondosha. Katika zege, kokoto zinazoanguka ndizo zinazosaga na kusambaza saruji. Udongo hauna kokoto, na mfinyanzi hunata mara tu unapoguswa na maji, hivyo kila tone linaloingia huwa kiini cha donge, na donge hilo huviringika ndani ya ngoma kama tope ndani ya viganja vya mtoto, likizidi kuwa gumu kwa kila mzunguko. Kwa hiyo kuongeza muda hakusaidii, kunaharibu zaidi.

Mashine inayofaa hapa ni ile inayoulazimisha udongo upite kati ya vyuma. Iliyo bora ni mashine ya beseni: beseni pana la chuma lililotulia, lenye mhimili katikati unaozungusha mikono yenye vibao vinavyokwangua sakafu na ukuta wa beseni. Nyingine ni ya pipa lililolazwa, ambalo halizunguki lenyewe bali hupitiwa katikati na mhimili wenye mapanga. Zote mbili huvunja donge badala ya kuliviringisha. Unapoikagua kabla ya kuikodi, zima injini, kisha uangalie nafasi iliyopo kati ya kibao na sakafu ya beseni. Ikiwa kidole gumba kinapita kwa urahisi, vibao vimelika, na chini kutabaki tabaka la udongo lisiloguswa kutwa nzima, ambalo litamwagwa pamoja na mzigo wa mwisho, yaani mchanganyiko wa mkupuo wa mwisho, likiwa halina saruji.

Vijijini mashine ya beseni ni adimu, lakini pawatila, yaani trekta ndogo za kuongozwa kwa mikono, zipo, hasa tangu zilipoenea wakati wa kampeni ya Kilimo Kwanza iliyoanza mwaka 2009. Pawatila yenye majembe ya kuzunguka huchanganya udongo vizuri kuliko mikisa ya zege, na nashangaa kwamba wengi hawaitumii kwa kazi hiyo. Tandaza udongo uliochekechwa juu ya sakafu ya zege, unene usiozidi urefu ambao majembe yanafika, nyunyiza saruji juu yake kwa usawa, pitisha mashine kwa urefu na kwa upana mpaka rangi iwe moja, kisha nyunyiza maji na urudie. Usifanye hivyo juu ya ardhi tupu, kwa sababu majembe yatachimbua udongo wa chini na kuharibu kipimo chako chote.

Kabla ya kuwasha injini

Mashine haichukui nafasi ya chekecheo. Udongo wa kichuguu, kwa mfano, hupendwa kwa kushikana kwake, lakini mabonge yake makavu ni magumu kama mawe, na hakuna kibao kitakachoyavunja kwa dakika tatu. Anika udongo, uponde, kisha uupitishe kwenye wavu wa matundu ya milimita 5 au 6. Ukishachekechwa ufunike kwa turubai, kwani udongo ulionyeshewa upande mmoja utakupa mzigo mmoja mkavu na mwingine tope, na utatafuta kosa kwenye mashine bure. Udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, uuache. Saruji ya kuutuliza itakushinda gharama.

Kipimo cha saruji kinatoka kwenye udongo wenyewe, si kwenye mazoea ya fundi. Tengeneza kisanduku cha mbao kisicho na kifuniko, chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4 kwa ndani, ukipake mafuta, ukijaze udongo uliochekechwa na kuloweshwa mpaka uwe tope zito, ukisawazishe, kisha ukiache juani siku tatu au kivulini wiki nzima. Udongo utasinyaa. Usukume wote upande mmoja, upime pengo lililobaki. Jaribio hili limetumika tangu enzi za CINVA-Ram, mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ambayo Raúl Ramírez aliibuni nchini Kolombia katika miaka ya 1950, na ambayo ni mama wa mashine nyingi za mkono tunazozitumia leo. Pengo lisipozidi milimita 15, sehemu moja ya saruji hutosha sehemu 18 za udongo. Likiwa kati ya milimita 15 na 30, sehemu 16. Kati ya 30 na 45, sehemu 14. Na kati ya 45 na 60, sehemu 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga na upime upya.

Sehemu hizo ni za ujazo, na hapa ndipo mabeleshi yanapodanganya, kwa kuwa beleshi la asubuhi halilingani na beleshi la saa nane mchana mtu akiwa amechoka. Tumia ndoo ya lita 20, ijae mpaka ukingoni na ukingo upanguswe kwa kibao. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, kwa hiyo robo mfuko ni karibu lita 9. Hesabu hiyo inaleta kanuni rahisi ambayo nimeiandika kwa chaki ubavuni mwa mashine yangu: kwa robo mfuko, udongo unaosinyaa kidogo kabisa huchukua ndoo 8, unaofuata ndoo 7, kisha ndoo 6, na ule unaosinyaa sana ndoo 5. Pima robo ya mfuko mara moja kwa mizani, kilo 12 na nusu, uimimine kwenye kindoo na uweke alama ilipofika. Kuanzia hapo kindoo hicho ndicho kipimo chako.

Kwa nini robo mfuko, na si mfuko mzima, wakati mashine ina nafasi? Kwa sababu saruji huanza kazi yake mara inapokutana na unyevu, na mchanganyiko unafaa uwe umeshindiliwa wote ndani ya nusu saa hivi, hasa juani. Kikosi kinachotumia mashine moja ya mkono hufyatua kama matofali 300 hadi 400 kwa siku, yaani kati ya 40 na 50 kwa saa. Ndoo 6 za udongo pamoja na robo mfuko wa saruji zina uzito wa takriban kilo 160, na tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina kilo 8 na nusu hivi, kwa hiyo mzigo huo hutoa matofali 19 hivi, ambayo ndiyo kazi ya nusu saa. Ukichanganya mfuko mzima kwa mkupuo mmoja, robo tatu zake zitakuwa zinasubiri huku zikikakamaa, na msaidizi mwenye huruma atazirudishia maji ili zilainike. Maji hayo ya pili ndiyo sumu ya tofali. Mashine ya kuchanganya huipita mashine ya kufyatua kwa kasi mara nyingi, na lazima ikubali kusubiri. Ukitaka isisubiri, weka mashine mbili au tatu za kufyatulia kando yake.

Mwendo wa mzigo mmoja

Washa mashine ikiwa tupu. Mimina nusu ya udongo, kisha saruji yote ukiitawanya badala ya kuidondosha sehemu moja, kisha udongo uliobaki. Ziache zizunguke zikiwa kavu kwa dakika mbili hadi tatu. Kipimo cha kweli hapa ni rangi kuliko saa: udongo mwekundu ukikutana na saruji huonyesha michirizi ya kijivu, na kazi ya ukavu haijaisha mpaka mchirizi wa mwisho upotee na rangi iwe moja iliyofifia kidogo. Chota kiganja kimoja kutoka katikati na kingine kutoka ukingoni mwa beseni, vilinganishe juani. Hatua hii usiipunguze hata kidogo, kwa kuwa baada ya maji kuingia saruji haisambai tena kama inavyosambaa ikiwa vumbi.

Maji yaingie kama mvua ya rasharasha. Tumia keni ya kumwagilia bustani yenye kichwa cha matundu, au bomba lenye kinyunyizio, na uyatawanye huku mashine inazunguka. Anayemimina maji kwa ndoo anatengeneza madonge kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mashine ni nzuri namna gani. Kiasi hutegemea unyevu uliokuwamo tayari, lakini mara nyingi huwa karibu na lita 10 kwa kila kilo 100 za mchanganyiko mkavu, kwa hiyo andaa lita 16 kwa mzigo wa ndoo 6, tia lita 12 kwanza, kisha simamisha mashine upime.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi. Chota mchanganyiko, uuminye kwa nguvu uwe mpira wa ukubwa wa chungwa, unyooshe mkono usawa wa bega, kisha uuachie uanguke kwenye ardhi ngumu. Ukisambaratika kuwa unga, maji ni machache. Ukibonyea kama chapati au ukibaki mzima, maji yamezidi. Ukivunjika vipande vinne au vitano, hapo umefika. Rudia kipimo hiki kwa kila mzigo, hata ule wa ishirini, kwa sababu jua la saa sita hubadilisha udongo uleule uliokuwa na umande saa mbili asubuhi. Baada ya maji kutosha, iache mashine izunguke dakika mbili au tatu zaidi, kisha kata donge moja kwa kisu. Ndani na nje viwe na rangi moja. Nikiona kiini chekundu, mzigo huo siufyatui. Naupitisha kwanza kwenye wavu wa milimita 10 na kuuchanganya upya kwa muda mfupi, na mzigo unaofuata naupunguzia kasi ya maji.

Ikiwa huna budi kutumia mikisa ya zege, itumie kwa hatua ya ukavu pekee. Jaza ngoma isizidi nusu, funika mdomo wake kwa kipande cha turubai kilichofungwa vizuri kisiweze kunaswa, izungushe dakika nne au tano, kisha umwage mchanganyiko mkavu juu ya sakafu safi. Maji yatiwe hapo kwa keni, na watu wawili wageuze kwa mabeleshi mara tatu, wakipitisha chote kwenye wavu wa milimita 10. Njia hii huokoa zaidi ya nusu ya jasho na haileti madonge yaliyoniangusha mimi.

Udongo wa kukandika na wa plasta

Hapa utaratibu hugeuka: maji hutangulia, udongo hufuata kidogo kidogo. Hata mikisa ya zege hufanya kazi nzuri ikianza na maji, na mawe mawili matatu ya ukubwa wa ngumi yakitiwa ndani ya ngoma husaidia kuponda yaliyoganda, uyahesabu yanapotoka. Afadhali zaidi udongo uwe umelowekwa tangu jana yake ndani ya shimo au pipa, maana maji ya usiku kucha hufanya kazi ambayo injini haiwezi. Mchanga uingie baada ya mfinyanzi kulainika, na nyasi au pumba ziwe za mwisho kabisa. Nyasi zikatwe fupi, kama urefu wa kidole au pungufu, kwani zilizo ndefu hujizungusha kwenye mhimili wa mashine ya pipa mpaka injini izimike. Kwa plasta ya mwisho, inayotaka udongo uliochekechwa kwa wavu wa milimita 2 au 3, drili yenye nguvu na mwendo wa polepole iliyofungwa fimbo ya kukorogea inatosha kwa ndoo moja moja. Udongo usio na saruji wala chokaa haukimbizwi na saa. Ukilala chini ya turubai siku mbili tatu hunata vizuri zaidi.

Mwili wa mchanganyaji

Ajali za mashine hizi hutokea kwa sababu ya donge dogo. Mtu analiona limekwama kwenye kibao, analisukuma kwa mkono au kwa ncha ya beleshi mashine ikizunguka, na kibao hakisubiri. Sheria ya eneo langu la kazi ni moja na haina upole: hakuna kinachoingia kwenye beseni isipokuwa udongo, saruji na maji mpaka injini izimwe, na ikiwa ni ya umeme, mpaka waya uchomolewe. Khanga, vitenge, mikono mipana ya nguo na kamba za kofia zisikaribie mhimili wala mkanda, na mkanda uwe na kizuizi chake. Watoto hupenda kutazama mashine. Wapewe kivuli mbali nayo na mtu mzima wa kuwaangalia. Injini ya petroli au dizeli isiwashwe ndani ya chumba, na isiongezewe mafuta ikiwa moto.

Vumbi la udongo mkavu na saruji huingia mapafuni bila maumivu, na kwa hiyo watu hulidharau. Hatua ya ukavu ifanyike upepo ukiwa mgongoni kwako, na anayelisha mashine avae barakoa ya vumbi, si kitambaa tu. Saruji yenye unyevu huchoma ngozi polepole, hasa ikiingia ndani ya buti. Glovu na buti za mpira ni vifaa vya kazi kama beleshi lilivyo, na ngozi iliyoguswa ioshwe mara moja kwa maji mengi safi.

Kusafisha, na tofali la shahidi

Mashine isafishwe kabla ya chakula cha mchana, na tena jioni. Kwangua kwanza mabaki yakiwa bado laini, kisha tia ndoo ya maji na kokoto kidogo, uizungushe dakika tano, umwage. Tabaka lililoachwa usiku mmoja huwa jiwe, na wanaolipigapiga kwa nyundo huacha mabonde kwenye chuma, ambayo kesho yake hukamata mchanganyiko zaidi. Maji hayo ya saruji yasimwagwe karibu na kisima wala kwenye miche.

Kila mzigo uupe namba, na kwenye tofali la kwanza la mzigo uiandike namba hiyo kwa msumari lingali bichi. Matofali yote yafunikwe kwa turubai kivulini na yanyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba, kisha yaachwe yafikishe siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo wa ukuta. Siku hizo zikitimia, chukua yale yenye namba, uyatumbukize kwenye pipa la maji usiku kucha, na asubuhi uyakwaruze kwa msumari uleule pembeni na, baada ya kulipasua moja, katikati. Msumari ukizama katikati kuliko pembeni, rudi kwenye daftari uone mzigo huo ulichanganywa na nani, saa ngapi, kwa maji kiasi gani, na matofali yake uyatenge yajengee ndani, mahali pasipofikiwa na mvua.